Tutaliombea

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumsikia Baba akisema hapana. Si kwamba alikubali kila kitu, la hasha. Baba yangu alikuwa mgumu kweli kweli, ila ugumu wake aliuvika nguo za upole. Ukimwomba jambo asilolitaka, alikutazama kwa huruma, akakushika bega, akasema, "Tutaliombea." Ukisikia hivyo ujue habari imekwisha. Redio, mdogo wangu, tuliyempa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzima, aliomba pikipiki akaambiwa tutaliombea. Mama aliomba kochi jipya tangu la zamani lilipovunjika mguu, na kochi hilo lilikuwa bado linaombewa. Sisi wenyeji hatukuhitaji mkalimani.

Shida ni kwamba mwanamume wangu hakuwa mwenyeji.

Alikuwa fundi wa majokofu. Mimi nilimwita Barafu, kwa utani tu, maana sijawahi kukutana na mtu mwenye moyo wa joto kama wake. Tulikutana chuoni. Hicho ni chuo cha wamisionari, na familia yetu nzima tulikuwa wanafunzi pale: Baba aliyeacha kufundisha shule ili akahubiri ng'ambo, Mama mkunga, Redio mwenye kipaji cha kukusanya watoto wa watu na kuwaimbisha, na mimi fundi wa miwani. Chuo hakimtumi mtu mmoja mmoja. Kinatuma familia, na kila mmoja ndani yake ana kazi. Mwaka mzima tulikaa katika nyumba ndogo ndani ya uzio wa chuo, tukifundishwa kubisha hodi kwa watu wasiotutaka, kula chochote tunachowekewa mezani bila kukunja uso, na kuzungumza lugha ya huko tuendako, nchi ya theluji. Katika lugha hiyo, "nimetumwa" na "nimechakaa" hutofautiana kwa pumzi tu. Siku ya mtihani Baba alisimama mbele ya darasa, akanyoosha kifua, akatangaza kwamba yeye na mkewe wamechakaa kwa ajili ya Bwana. Mama alisema hakuona kosa lolote hapo.

Jokofu la jikoni la chuo liliharibika, fundi akaitwa, na mimi nikawa napita na sinia la vikombe. Aliinua kichwa kutoka nyuma ya jokofu, vumbi puani, akanitazama. Sikumbuki kama alisema kitu. Nakumbuka kwamba nilipita tena na sinia lile lile, na vikombe vile vile, vikiwa vimeshaoshwa.

Baadaye alikuja kwenye chumba changu cha kupimia macho pale chuoni. Nilimpima nikamkuta mzima kabisa, lakini nikamwambia jicho la kushoto lina utata, arudi wiki ijayo. Akarudi. Alikaa kwenye kiti, akasoma herufi zote hadi mstari wa chini kabisa ambao hata mimi huukisia, kisha akasema, "Macho yangu hayana neno, na wewe unajua. Nimerudi kwa sababu yako." Ndivyo alivyo. Uongo haumkai mdomoni hata ukiwa na faida.

Basi mtu wa namna hiyo alimchukua mjomba wake wakaja kunichumbia, na Baba akawasikiliza mpaka mwisho, akamshika bega mjomba mtu, akasema kwa sauti ya upole, "Tutaliombea."

Waliondoka wanang'aa. Jioni ile Barafu alinipigia simu. "Baba yako ni mtu wa Mungu," alisema. "Hakunikatalia, hakunikubalia, amelipeleka mahali pake." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilisikia furaha yake kwenye simu ile, nikashindwa kuikata. Nikamwambia alale salama.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Jumapili ilikuwa ibada ya kuagwa, Jumatatu ndege. Sebule haikuwa na pa kukanyaga. Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku kubwa ili mimi nivute zipu, Redio anafunga vitambaa vyake vya kuchezeshea watoto, Baba anapima mizigo kwa mizani ya kuning'iniza, uso umemwiva kwa kuinua. Hodi ikabishwa.

"Karibu," Redio aliita, akafungua. "Aa, Shemeji."

Baba alikohoa. Redio akajifanya kikohozi kile ni cha vumbi.

Barafu aliingia amevaa shati lililopigwa pasi, mikunjo yote imesimama. Alinitazama kwanza mimi, mara moja tu, kisha akawageukia wazee kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama alijibu kutoka juu ya sanduku. "Utusamehe, nyumba imepinduka. Kaa hapo."

"Hapo pana vikombe," Redio alisema.

"Basi nitasimama, Mama. Sitakaa sana."

"Mjomba wako hajambo?" Baba aliuliza, mizani bado mkononi.

"Hajambo, anawasalimu sana. Nilimwambia tuje wote, akasema yeye kazi yake ilikuwa kupeleka posa. Jibu la Mungu haliwezi kupokelewa kwa niaba ya mtu, nije mwenyewe."

Mizani ya Baba ilishuka polepole. "Jibu la Mungu?"

"La maombi, Baba. Mlisema mtaliombea. Najua Jumatatu mnaondoka, ndiyo maana nimekuja leo. Sikutaka kuwasumbua kabla."

Niliacha zipu. Mama alitazama dari. Redio, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, aliziba mdomo kwa kitambaa.

"Na mimi nimeliomba," Barafu aliendelea, na hakuwa na habari anachokifanya. "Kila asubuhi kabla sijafungua karakana. Kusema kweli, Baba, mimi sikuwa mwombaji. Nilikuwa wa Jumapili, tena si zote. Lakini nilipofikiri kwamba ndani ya nyumba hii kuna watu wanaliombea jambo langu, niliona haya kulala. Nimejifunza kuomba kwa sababu yenu. Hata kama jibu ni gumu, kwa hilo nawashukuru."

Najua mtu akikamatwa anavyokuwa. Baba alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, akaifuta mpaka nikaihurumia. Alikuwa na njia nyingi za kutoka pale. Angeweza kusema bado hatujapata jibu. Angeweza kusema Mungu amekataa, na nani angembishia? Lakini Baba ana makosa yake, uongo wa waziwazi haumo.

"Kijana wangu," alisema, "sikuliombea."

"Bado?"

"Hata siku moja."

Barafu alimtazama bila kuelewa. Redio akaona huo ndio wakati wa kusaidia. "Shemeji, hapa kwetu hilo neno maana yake ni hapana. Muulize Mama habari za kochi."

"Redio," Mama alisema.

"Natafsiri tu, Mama. Tumesomea."

Ndipo Barafu akanigeukia. Macho yake yaliniuliza, ulijua? Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwatazama watu ndani ya macho tangu asubuhi hadi jioni, nilishindwa kumtazama. Nikaangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepakwa rangi upya.

Nilidhani ataondoka. Mwingine angeondoka, na angekuwa na haki. Badala yake alivuta pumzi, akakunjua mikono. "Baba, naomba unijibu leo. Kwa neno lenyewe."

Baba alivaa miwani. "Hapana," alisema.

Mama aligeuka ghafla kumtazama mumewe. Neno lile lilikuwa geni katika kinywa chake, hata yeye mwenyewe alionekana kulishangaa.

"Asante," Barafu alisema. "Nashukuru kweli. Mtu akikuambia anaomba, huwezi kubishana naye. Hapana inabishaniwa. Sasa naweza kuuliza kwa nini."

"Wewe si mtu mbaya," Baba alianza.

"Najua, Baba."

Mama alificha kicheko kwa kiganja. Baba aliweka mizani juu ya meza na kukaa juu ya vikombe, vikalia, hakujali. "Nisikilize. Nimeingoja kazi hii tangu nikiwa kijana kama wewe. Tunakwenda mahali ambapo hatuna ndugu wala jirani. Tutakachokuwa nacho ni sisi wanne. Tumefundishwa hapa jambo moja kuliko mengine: anayekwenda na nusu ya moyo huwarudisha wenzake wote. Nimeona familia zimerudi zimeparaganyika kwa sababu mmoja wao kila jioni alikuwa dirishani akikumbuka nyumbani. Huyu binti yangu ndiye mkono wangu wa kulia kule. Yeye ndiye atakayefungua kliniki ya macho, na kliniki ndiyo mlango wetu wa kuingilia kwa watu. Ukimvisha pete leo, nitampandisha ndege mwili, moyo utabaki karakanani kwako."

"Na kama ningekwenda naye?"

"Kama nani? Kazi hii haina nafasi ya abiria. Kila anayekwenda ameitwa, amesoma, ametumwa. Wewe umeitwa?"

Hapo Mama aliteremka kutoka kwenye sanduku. Sanduku likafumuka, hakuna aliyeligusa. Alimwendea Barafu, akamshika mkono kwa upole wa mkunga, ule unaokufanya usukume hata kama hutaki. "Mwanangu," alisema, "huenda umeitwa na hujasikia vizuri. Wito si lazima upige kelele. Chuo kinaanza darasa jipya mwezi ujao. Ukienda kwa mkuu ukamwambia umeitwa, atakupokea. Ukimaliza, unatufuata. Si ndiyo, Baba Redio?"

Baba alisita. "Akisema ameitwa," alikiri, "hilo ni jambo lingine. Nani mimi nimzuie aliyeitwa?"

"Sema," Redio alinong'ona, kwa sauti iliyosikika hadi jikoni.

Nikainua macho. Safari hii nilimtazama, na nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Sema. Neno moja tu. Nani angelipima? Kuna watu nimesoma nao pale chuoni ambao wito wao ulikuwa kutaka kupanda ndege. Alinitazama na yeye, na nikaona jinsi anavyonitaka, nikaona kila kitu kimeandikwa usoni mwake bila kuficha. Nikajua atalisema.

"Sijaitwa, Mama," alisema. "Nampenda mtoto wenu. Nimelitafuta lile jambo jingine moyoni, nimeliomba pia, silioni. Likija nitasema. Nikilisema leo nitakuwa nimemwiba."

Nilisimama. "Wewe, njoo nje."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kamba ya kuanikia, na mashuka ya chuo tuliyotakiwa kuyarudisha yalikuwa yananing'inia. Tuliingia katikati yake ili tusionekane dirishani. Nilikuwa nimekasirika hadi masikio yanawaka.

"Neno moja," nilimwambia. "Mama amekufungulia mlango, Baba amesogea pembeni, wewe umesimama kizingitini unasema, 'Viatu vyangu vina tope, siingii.'"

"Vina tope."

"Nani hana?"

"Ungetaka nidanganye?"

"Ndiyo," nilisema. Nikasikia nilichosema. "Hapana. Nilitaka iwe kweli."

"Hata mimi." Sauti yake ilishuka. "Na wewe uliniacha naomba peke yangu."

Hapo alinipata. Nilishika ncha ya shuka, nikaikunja.

"Kila asubuhi," alisema. "Nakupigia simu nakuambia, leo nimeomba, nadhani na nyinyi mmeomba. Unaniambia, amina. Ulikuwa unacheka?"

"Sikucheka hata mara moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu siku ile ulipotoka kwetu ulikuwa na furaha sana, na mimi nilikuwa bado sijakuona na furaha ya namna ile. Nikasema, nimwachie leo. Kesho nikasema nimwachie na leo. Ikawa hivyo." "Nilikukosea. Lakini hukuwa peke yako. Baada ya wiki ya kwanza nilianza kuliombea na mimi. Niliona vibaya kusema amina ya bure."

Alinitazama. Hasira haikumtoka yote, niliiona imebaki pembeni ya mdomo, lakini mabega yake yalilegea. Alitoa mkono akaondoa kibanio cha nguo kilichokwama kwenye kilemba changu, akakishika tu, hakujua akiweke wapi.

"Unataka nikuombe ubaki?" aliuliza.

"Ukiniomba nitakasirika upya."

"Ndiyo maana sikuombi."

"Naenda," nilimwambia. "Siendi kwa sababu ya Baba. Kule kuna watoto wanaambiwa wajinga kwa sababu hawaoni ubao. Nimejifunza kuwauliza kwa lugha yao, ni wapi panakufifia? Nataka kuwauliza. Nalitaka hilo, na nakutaka wewe, na sioni kwa nini niambiwe nichague kimoja kama niko dukani."

"Miaka miwili mtakayokaa kule."

"Ni mingi?"

Alifikiri kwa dhati, kama anavyofikiri akiwa mbele ya mashine. "Jokofu zuri hudumu hata kumi na mitano bila kuguswa."

"Usinifananishe na jokofu."

"Sikukufananisha wewe. Nimejisema mimi." Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu aingie. "Na tena wewe unaniita Barafu, kumbe ndiye unayekwenda kuishi kwenye barafu. Nani atakupasha joto?"

"Nitavaa sweta mbili."

"Vaa tatu."

Nilimshika mkono. Mikono ya fundi ina makovu madogo ya shaba na moto, nimeyajua yote. Tulisimama hivyo katikati ya mashuka, upepo ukiyasukuma yatugonge mgongoni. Nilitamani mtu atusahau pale.

"Baba yako amekataa," alisema mwishowe.

"Baba amekataa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hajazoea. Kesho njoo ibadani, ukae popote. Nataka nikikuangalia nikuone."

"Nitakuja."

"Na kile kibanio nirudishie, ni cha chuo."

Alipoondoka nilirudi ndani nikamkuta Baba amekaa pale pale juu ya vikombe. Mama alikuwa anapanga upya sanduku lililofumuka, na Redio alijifanya anakunja vitambaa ambavyo vilishakunjwa. Nilisimama mbele ya Baba. Sikupiga magoti wala sikulia. Nilishalia vya kutosha nikivuka mlango wa nyuma.

"Baba, Jumatatu nakwenda na nyinyi. Moyo mzima, hakuna kitakachobaki dirishani. Na tukirudi, naolewa na fundi. Wewe ulisema mwenye nusu ya moyo huwarudisha wenzake. Mimi ukininyima yeye ndipo utanisafirisha na nusu."

"Hujaniomba ruhusa," Baba alisema.

"Nimekuarifu. Baraka ndizo ninazoziomba."

Akafungua mdomo. "Tuta..." alianza, kisha akajiuma ulimi. Redio aliinamisha kichwa kwenye vitambaa, mabega yakitikisika. Baba alitutazama mmoja mmoja, mimi, Mama, Redio, kama mtu aliyeshtukia kwamba nyumba nzima imekuwa ikimwelewa miaka yote. Kisha akainuka, akavaa viatu, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona anavuka uwanja wa chuo, jua likiwa bado juu, akaingia kanisani na kufunga mlango. Hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

"Mmesemaje huko?" Mama alimuuliza akila.

"Nimeomba," Baba alijibu. Akaendelea kula.

Asubuhi ya Jumapili kanisa la chuo lilijaa hadi vibarazani. Tuliketishwa mstari wa mbele, sisi wanne, na nilipogeuka nilimwona Barafu amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, shati lile lile la jana. Aliinua kidole kimoja tu kunionyesha yupo.

Ibada ya kuagwa ina utaratibu wake. Mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamsha watu, huwaita wanaoondoka waje mbele. Kisha huuliza swali moja ambalo hatukufundishwa kulijibu, kwa sababu si sisi wa kulijibu. Huuliza, nani anawatuma? Maana huko chuoni wanaamini hakuna anayekwenda kama hakuna anayebaki. Kila familia inayoondoka huwa na mtu mmoja anayesimama mbele ya wote na kukubali kuwa mtumaji wao: ndiye atakayeshika funguo za nyumbani, ndiye wa kupigiwa simu mambo yakiharibika, ndiye atakayewapokea wakirudi. Mtumaji wetu alikuwa baba mdogo. Alikuja na suti mpya kwa ajili hiyo, akakaa pembeni ya njia ili asije akachelewa kuinuka.

"Familia hii," mkuu wa chuo alisema, "nani anaituma?"

Baba mdogo alifunga kifungo cha koti, akaanza kuinuka. Baba alimnyooshea kiganja.

"Ndugu yangu, kaa kidogo. Unisamehe."

Baba mdogo alikaa, kinywa wazi. Watu wakaanza kugeukiana. Mama alinishika kiwiko, akanibana.

"Mtumaji wetu amesimama kule nyuma," Baba alisema. "Fundi. Njoo mbele."

Nilisikia damu ikinipanda hadi kwenye nywele. Barafu alijitazama, akaangalia kushoto na kulia kana kwamba kuna fundi mwingine, kisha akaanza kuja. Ile njia ya katikati ni ndefu. Watu walimtazama tangu viatu hadi kola, na yeye hakumtazama mtu ila mimi. Alipofika alisimama hatua moja mbali nasi, hakujua kama anaruhusiwa kusogea zaidi.

Mkuu wa chuo alimpima kwa macho. Ni mtu wa taratibu, na utaratibu unataka mtumaji awe mtu wa familia. "Kijana, nakufahamu kwa jokofu letu," alisema, na watu wakacheka kidogo. "Lakini hapa sharti niulize. Wewe ni nani kwa familia hii?"

Barafu alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona anatafuta neno la kweli, na la kweli hakuwa nalo. Alikuwa ameposa, akakataliwa. Mwingine angesema rafiki, jirani, ndugu katika Bwana, chochote. Yeye alisimama tu pale mbele ya kanisa zima, ameiva uso, anakataa kudanganya. Nilitaka kumsemea. Nilikwisha kuvuta pumzi.

"Ni mkwe wangu," Baba alisema.

Alilisema kwa sauti ya darasani, ile ya kufikia dawati la mwisho, na hakumtazama mtu alipolisema. Mama aliachia kiwiko changu akajifunika uso kwa khanga. Redio alipiga kelele ambayo hadi leo anaikana. Mimi sikufanya lolote, nilisimama tu na machozi yakinishuka hadi kidevuni, na sikuona haya hata kidogo.

Mkuu wa chuo alingoja watu watulie. "Basi, mkwe," alisema, "unawatuma?"

Barafu alifuta uso kwa mkono wa shati. Alimtazama Baba, akainamisha kichwa kwa heshima, akamtazama Mama, akamtazama Redio. Kisha akasogea ile hatua moja iliyobaki, akasimama mbele yangu.

"Hawa watatu nawatuma," alisema, sauti haijatulia bado. "Huyu mmoja nawaazima tu. Namtaka."